Nilitengeneza website ya masomo, mama yangu akadhani macho yake yameharibika

Wakuu, habari za jioni. Hili limenitokea mwenyewe mwaka huu, sijaongeza chumvi, na aibu yake bado ninayo.

Natengeneza website, niko Masasi. Kikundi cha walimu wa chekechea kiliniomba website ya kujisomea kwa simu. Wengi ni akina mama watu wazima, wametawanyika Lulindi, Newala, Tandahimba huko. Mama yangu mzazi ni mmoja wao, na ndiye aliyewaambia wanipe kazi.

Nikaweka mbwembwe zote. Background nyeupe, maandishi membamba ya kijivu, hata kitufe cha kufungua somo nikakipa kijivu cha kufifia. Kwenye laptop yangu ilivutia kweli.

Jamaa mmoja tunayefanya naye kazi aliniambia haisomeki. Nikamwona mshamba wa design.

Siku ya uzinduzi tukakutana Newala, ukumbi wa kanisa. Mama akaitwa mbele awaonyeshe wenzake, maana fundi ni mwanawe.

Akasogeza simu karibu. Akaipeleka mbali. Akageukia dirishani. Kidole kinapapasa kioo, kitufe hakioni.

Akacheka kidogo, akasema, "Mnisamehe jamani, macho yangu yamezeeka."

Nilijua si macho. Nikainuka, nikambonyezea, watu wakapiga makofi, nikarudi kukaa.

Sikusema kitu, wakuu.

Wiki iliyofuata nikaenda Lulindi kwa mama, nikamkuta ameshavaa gauni lake la kanisani, anataka kwenda kupima macho. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia macho yake hayana shida, shida ni rangi nilizochagua mimi, na nilionywa nikapuuza.

Akakaa kitandani. Bora angenifokea.

"Pale mbele za watu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

Kisha akasema, "Mama Neema, mwalimu mwenzangu wa Newala, ameacha masomo. Anasema kichwa chake hakishiki tena. Kamwambie yeye kwanza."

Nikabadilisha kila kitu. Maandishi meusi, makubwa. Kitufe cha bluu kilichoandikwa "Fungua somo". Nikapanda Newala.

Mama Neema nilimkuta uani anabangua korosho. Nikamwamkia shikamoo, nikaeleza yote, hata ile ya kukaa kimya ukumbini. Alisikiliza bila kuniangalia.

Akajifuta mikono, akachukua simu, akafungua somo mwenyewe. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti. Akaendelea mpaka chini kabisa ya ukurasa.

Ndipo akaniambia watoto wake pale nyumbani walishaanza kumtania kwamba mwalimu hajui kusoma.

Nilimwomba radhi tena, nikaondoka.

Nilichojifunza: kabla hujazindua kitu cha watu kujisomea, mpe simu atakayekitumia, kaa pembeni, mtazame bila kumsaidia. Na akianza kujilaumu, sema hapo hapo kwamba kosa ni lako. Usingoje afike kwa daktari.

Wenye kazi kama yangu, hamjawahi kumfanya mtu ajione mjinga? Semeni na nyie. Wa kunisema pia aniseme, nasoma zote.