Bi Mikanda na Pikipiki ya Matairi Manne

Mteja mgeni akifika gereji ile na kumuulizia Bi Mikanda, mara nyingi hushika kiuno cha suruali yake, maana amedhani kaelekezwa kwa muuza mikanda ya kuvaa. Mafundi huvunjika mbavu. Kisha humwonyesha mama mmoja wa makamo, ovaroli imekunjwa mikono, kilemba kimekazwa kichwani, ameinamia chuma. "Huyo hapo. Ila mikanda yake haifungi suruali."

Jina hilo hakulipatia pale. Alikuja nalo kutoka kwenye mashine ya kusaga ya marehemu baba yake, alikofanya kazi miaka kumi na tisa. Mashine ile iliendeshwa kwa injini ya dizeli iliyovuta mkanda mrefu, na mkanda ukianza kuteleza, unga unakuja chenga na wateja wanaanza kupayuka. Baba mtu alimfundisha kunusa kabla ya kushika spana. Mkanda uliolegea una harufu yake, na uliokabwa una harufu yake. "Mkanda ukiungua," mzee alizoea kumwambia, "usiugombeze mkanda. Mtafute anayeuunguza."

Mzee alipofariki, mashine iliuzwa, na binti akabaki nyumbani mikono ikimuwasha. Ndipo mdogo wake wa kiume, mwenye gereji ya pikipiki, alipomwita. "Dada, njoo ukae na sisi. Utakuwa unaosha vyuma hapo kivulini, usichoke." Aliita kwa mapenzi, lakini kwa huruma pia, na dada aliiona ile huruma. Mwaka mzima akaosha cheni na kabureta kwenye karai la petroli. Mafundi walimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, mama," na baada ya hapo hakuna aliyemuuliza neno hadi jioni. Yeye aliosha, huku macho na masikio yakifanya kazi yao.

Basi asubuhi moja, gari dogo la mizigo likaingia uani limebeba pikipiki ya matairi manne, zile za kupandia milima na kukatia matope. Aliyeshuka alikuwa daktari wa mifugo, mrefu, mwembamba, mabuti ya mpira hadi magotini, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri wiki nzima.

"Fundi, niokoe," alimwambia mwenye gereji. "Nikiongeza mafuta, injini inalia kama imeng'atwa, lakini chombo kinatambaa. Tambarare kinakwenda. Nikianza tu kupanda mlima, kwisha habari. Nimebadilishiwa mkanda mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Gereji ya mwisho wameniambia giaboksi imekufa, niagize nyingine, nisubiri miezi miwili. Na keshokutwa natakiwa kuchanja ng'ombe wa kule juu. Chanjo iko kwenye barafu, haijui miezi miwili."

Mwenye gereji akaiwasha, akaisikiliza, akaizunguka mara moja. "Giaboksi," alisema. "Walikwambia kweli." Akachukua spana, akaanza kulegeza bolti.

Kule kivulini, Bi Mikanda alikuwa ameshika cheni. Moshi wa ile injini ulimfikia, na ndani ya moshi kulikuwa na kitu kingine. Mpira. Mpira wa mkanda uliokabwa! Moyo ukamwenda mbio kama wa msichana aliyeitwa jina lake mbele ya watu. Akainuka, mikono ikichuruzika petroli.

"Hebu ngoja kwanza," alisema. "Hiyo si giaboksi."

Hata aliyekuwa akigonga rimu aliacha. Kwenye dirisha la duka la spea, lililopakana na gereji, kikachomoza kichwa cha mke wa yule mwenye gereji. "He! Wifi, leo umeamka na shahada?"

"Nimeamka na pua, wifi. Shahada utanitafutia wewe."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimsaidia. Mdogo wake alisimama, spana mkononi, masikio yamemwiva. Lakini dada ni dada. Akarudi nyuma hatua moja. "Haya, Dada. Tuonyeshe."

Hakulaza damu. Alianza na giaboksi yenyewe, ili maneno yaishe. Akafungua nati ya chini, akakinga oili kidogo kwenye kifuniko cheupe cha kopo, akakipeleka juani na kukiinamisha huku na huku. Kisha akaisugua ile oili kati ya vidole. "Meno ya gia yakisagika yanaacha chembe zinazong'aa. Daktari, njoo uone. Unaziona?"

"Sizioni."

"Hata mimi."

Wakaiinua kwa jeki na kuiegemeza juu ya magogo, matairi yote manne hewani. Akazungusha tairi moja baada ya jingine kwa mkono. Yalizunguka laini, hakuna breki iliyong'ang'ania, hakuna mkwaruzo. Kisha akafungua kava la ubavuni. Vumbi jeusi lilimwagika kama masizi ya jiko. Ndani, kati ya puli mbili, magurudumu ya chuma yanayoubana na kuuvuta, mkanda ulikuwa mgumu, pande zake zinang'aa kama kioo.

"Umeungua," alisema, na sauti ikampanda bila kutaka. "Injini inazunguka, puli inazunguka, mkanda unateleza tu hapa katikati! Ndiyo maana inalia haiendi."

Mdogo wake akachungulia. "Kweli kabisa," alisema polepole. "Basi tuweke mpya, yaishe."

"Wa tatu huo," daktari alisema kwa unyonge. "Nao wiki ijayo utakuwa hivyo hivyo."

Hapo ndipo penyewe. Yeyote angeweza kubadilisha mkanda. Bi Mikanda alipitisha kiganja kwenye nyuso za puli, akitafuta mkwaruzo au mfereji. Nyororo. Akazibana na kuziachia, zikafunguka na kufunga vizuri. Sasa nani anauunguza? Akachukua mkanda mpya kutoka kwa wifi yake, akauvisha, akarudisha kava, akawasha injini matairi yakiwa bado hewani. Akaliona bomba nene la plastiki lililotoka nyuma ya kava. Puli ya mbele ilikuwa na mapanga kama feni, ameyaona kwa macho yake. Feni ikizunguka lazima itoe upepo. Akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba.

Hakuna kitu. Hata pumzi ya mtoto.

"Haipumui!" alipiga kelele. "Jamani, haipumui! Inajipika humo ndani!"

Akazima, akalifuata bomba la kuingizia hewa, kutoka kwenye kava, likapita chini ya kiti, likapanda hadi karibu na usukani. Akaomba tochi. Akaomba waya. Akachomeka, waya ukagota. Akausokota, akavuta kwa nguvu zake zote, na kitu kikaporomoka sakafuni: bonge la udongo mkavu, ukubwa wa ngumi, lenye vitundu vitundu.

"Nyumba ya nyigu!" daktari alitamka.

Mwenye nyumba naye akatoka, mwekundu, mwenye hasira. Kwa mara ya kwanza wateja walimwona mwenye gereji akitimua mbio, mguu niponye, hadi ndani ya duka la mkewe, ambaye alimfungia mlango nusu kwa woga na nusu kwa kicheko. Nyigu akazunguka uani mara mbili akaenda zake.

Daktari alijishika kichwa. "Kiangazi chote kilikaa ghalani kikisubiri matairi. Kumbe kilikuwa na mpangaji!"

Walipowasha tena, Bi Mikanda alichomoa ncha ya kilemba chake akaisogeza kwenye bomba la nyuma. Kitambaa kikapepea. Akaruka, mama wa watoto watatu, akaruka kama mtoto. "Inapumua! Njooni muone, inapumua!"

Kisha akamgeukia daktari. "Na mlimani unapanda na gia gani?"

"Hii hii ya siku zote."

"Na mzigo wote ule wa chanjo? Ndugu yangu, huko ni kuutesa mkanda. Hiyo nyingine, nzito, ndiyo ya mlima."

Daktari alicheka, akagonga kiti cha nyuma. "Twende ukaniongoze. Kama umekosea, tutasukuma wote."

Hakuwahi kupanda kitu kile maishani. Walifunga mifuko miwili ya mchanga mahali pa boksi la chanjo, akakaa nyuma, akamshika daktari koti kwa mikono yote miwili. Njia ya mlimani, ile ile ya kwenda kwa ng'ombe wa kule juu, ilianzia nyuma ya gereji, mawe matupu. Gia nzito ikaingia, chombo kikainua pua. Mawe yalipita chini yake, meno yakagongana, naye akatega sikio. Injini iliimba sauti moja, haikupanda wala kushuka.

"Pale kwenye jiwe jeupe ndipo huwa kinafia!" daktari alipaza sauti.

Jiwe jeupe likaja. Akavuta pumzi kwa pua. Vumbi, petroli, majani. Hakuna mpira. Jiwe likapita.

"Ongeza!" alipiga kelele, kilemba kimefunguka kinapeperuka. "Ongeza, Daktari, usiogope!"

Kileleni aliruka chini kabla chombo hakijasimama sawasawa, akaweka kiganja juu ya kava. Lilikuwa la vuguvugu, kama chai iliyosahaulika. Daktari naye aliweka chake. Wakatazamana, wakaangua kicheko, watu wazima wawili na mifuko miwili ya mchanga.

Keshokutwa yake ng'ombe wote wa kule juu walichanjwa. Daktari alirudi jioni, matope hadi masikioni, akapita gereji kusema tu kwamba amepanda na kushuka mara tatu.

Mdogo wake hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alichofanya ni kuburuta meza ya chuma kutoka ofisini kwake hadi pale penye mwanga mzuri, akapanga juu yake seti yake mwenyewe ya spana, ile asiyomwazima mtu. "Ya kwako, Dada," alisema, akageuka haraka kuendelea na kazi. Kuanzia siku ile kila fundi anaosha vyuma vyake mwenyewe.

Habari zilitembea kuliko hata ile pikipiki. Walikuja wenye mashamba, wakaja wapima ardhi. Wiki moja baadaye askari wa msitu aliingia akisukuma ya kwake, jasho likimtiririka, akilalamika kwamba mbele inakwenda, kurudi nyuma inagoma. Bi Mikanda alifuta mikono kwenye ovaroli, macho yakimng'aa.

"Kwanza niambie," alisema, akipiga goti kando ya chombo. "Inagoma ikiwa ya baridi, au ikiwa imeshapata moto?"