Mkono Aliokuwa Akiuficha Hamadi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, mpaka vumbi la mbao lililonijaa puani. Nilikuwa Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, binti wa Tanga niliyejiona nimeshaijua dunia kwa kuwa nimepanda ndege mara tatu. Wenzangu walikwenda kununua nguo na vyombo, nami pia. Lakini safari ile nilibeba amana isiyo ya biashara.

Mdogo wangu Hamadi alikuwa na kituo cha mafuta, na bastola ya rivolva yenye kibali cha serikali. Majambazi walipomvamia, kiganja kilimjaa jasho, mpini ukamteleza, akaponea chupuchupu. Basi akafungua vile vibao viwili vya mpini vilivyotoka kiwandani na bastola yenyewe, akavifunga kwenye kitambaa, akanikabidhi. "Dada, nitafutie vingine visivyoteleza. Kipimo ni hiki." Bastola ikabaki kabatini haishikiki, na majambazi wale walikuwa hawajakamatwa. Unaona uzito wake?

Niliapa sirudi bila kitu. Nyuma ya mtaa wa Dengfeng nilimpata fundi wa kuchonga mipini ya visu, tukimwita laoban, yaani bosi, kama tulivyowaita mafundi na wenye maduka wote kule. Akanichongea vibao vipya. Lo! Vya mbao nyekundu, vimejaa kiganjani, na upande mmoja ameacha kijishimo cha kuegemeza kidole gumba, na kigongo chini yake. Nikavishika kwa mkono wa kulia, vikakaa barabara. Vile vya kiwandani nikaviona takataka, nikamwambia laoban avitupe. Ujana una kiburi, mwanangu, acha tu.

Mchana nikaingia mkahawani, barabara ya Huanshi Zhonglu, kumwonyesha Mzee Kombo. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kipemba, na sisi vijana tulimheshimu kama baba. Nikamwamkia, nikajisifu weee. Yeye akavishika kwa mkono wa kulia, kisha akavihamishia kushoto. Kidole gumba kikakosa pa kukaa, kigongo kikamsukuma kiganja.

"Nduguyo anashikia mkono gani?" akaniuliza.

"Mzee nawe! Si wa kulia? Kila siku nala naye sinia moja."

"Sikukuuliza sinia, binti. Nimekuuliza bastola."

"Nimemlea mwenyewe, namjua."

"Basi kumpigia simu hakutakuumiza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Nilinuna, wallahi. Nikaondoka nikisonya, lakini nikaenda kibanda cha simu, kusudi nimthibitishie yule mzee kwamba mimi najua.

"Hamadi, bastola unaishikia mkono gani?"

Akasema polepole, "Wa kushoto, dada. Wewe si ndiye uliyekuwa ukinichapa mwiko kwenye mkono huo?"

Mwanangu, nilishikwa na uchungu sijapata kuuona. Ni kweli. Mama alipokuwa sokoni, mimi ndiye niliyemfundisha kula kwa mkono wa kulia, na kila alipoleta wa kushoto kwenye sinia, mwiko ulimwangukia. Akawa anaukalia asichapwe. Nikausahau mimi niliyemfanya aufiche.

Nikatoka mbio hadi kwa laoban. Alikuwa ameshafagia. Nikapiga magoti kwenye kapu la maranda, nikachakura kwa mikono miwili, watu wakinitazama kama mwehu. Kibao cha kwanza nikakipata upesi. Cha pili kilikuwa chini kabisa, nami nilikuwa nalia nilipokishika. Laoban akanisogezea vile vyekundu. "Bu yao," nikamwambia, sitaki. Muda wa kuchonga vingine haukuwapo, ndege yangu ilikuwa kesho yake asubuhi. Nikamwonyesha kwa ukucha: nichanjie hivi vya zamani, misalaba midogo midogo, visiteleze. Vya kiwandani pande zote mbili zilikuwa sawa, mkono wowote ungeshika. Akachanja mpaka jioni nami nimesimama pale pale, sibanduki.

Nyumbani Hamadi akavikaza, akashika kwa kushoto mbele yangu bila kuficha. "Haitelezi," akasema, akatabasamu. Nikaupokea mkono ule nikauomba radhi, mimi mkubwa wake.

Basi nisikilize. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na ni kweli, lakini usidhani nakwambia cha zamani ndicho bora siku zote. Hamadi angekuwa wa kulia, vile vyekundu vingemfaa kuliko vyote. Nakwambia hivi: ukimchagulia mtu, muulize kwanza, na umuulize kama usiyejua. Umzidishie kuuliza yule unayedhani unamjua kuliko watu wote, maana huyo ndiye uliyeacha kumtazama.

Mola akujaalie mwanangu, na akuepushe na jeuri ya kudhani unajua. Na kama kuna mkono uliowahi kuuchapa, akupe umri wa kuushika tena.