Wiki Tatu za Mchicha

Karatasi ya rangi ya chungwa ilikuwa imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Dada yangu, ambaye ni nesi, ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kazini asubuhi ile. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

"Wanasema una magugu," akasema.

"Magugu gani?"

"Si mchicha wako huo. Umezidi inchi kumi na mbili. Tuna siku kumi tuukate, la sivyo mji utaleta watu wake waukate."

Mimi sikucheka. Mbegu zake nilipewa na mama mmoja Mkenya kule Alief, mtaa mmoja wa Houston, kijiko kimoja ndani ya tishu, na alikuwa hana nyingine. Nilipanda mbele ya nyumba kwa sababu nyuma kote ni saruji. Tulikula wiki nyingi, halafu mashina machache yaliyo bora nikayaacha yarefuke ili yatoe mbegu. Sasa yalikuwa yamenifika kifuani, na yana mikia mirefu ya maua mekundu. Zilibaki wiki tatu mbegu zikomae. Yakikatwa kabla ya hapo, basi, mchicha ndio umeishia.

"Nenda kaseme kwenye kikao cha baraza la mji," dada akasema. "Jumanne jioni. Kila mtu anaruhusiwa dakika tatu."

"Si uende wewe?"

"Nina shifti. Halafu mchicha si wangu, mimi ni mlaji tu."

Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na nusu Texas, korona bado haijasikika. Dukani nilikuwa radhi kuzunguka nusu saa kuliko kumuuliza mtu chumvi iko wapi. Dada alilijua hilo, kwa hiyo akampigia mjomba. Si mjomba wetu wa damu. Watanzania wengi wa Houston humwita hivyo, kwa sababu ndiye mshereheshaji wa harusi zetu na msemaji wa misiba yetu.

Alikuja Jumanne amevaa suti ya rangi ya maziwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hotuba iko wapi?"

Nikampa karatasi yangu. Zilikuwa sentensi nne za Kiingereza.

"Hii si hotuba, hii ni meseji," akasema. "Lakini usijali, nitakutambulisha. Mtu hainuki tu mbele ya meya akaanza kuongea kama anaagiza chipsi."

Ukumbini tulijaza kadi za wasemaji, yeye yake na mimi yangu. Mbele, kwenye meza ndefu, alikaa meya, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, pamoja na madiwani wake. Karibu na kipaza sauti kulikuwa na taa tatu kama za barabarani. Mzee mmoja alilalamikia mbwa wa jirani, akamaliza taa ikiwa bado ya kijani. Ndipo mjomba akaitwa.

Alifunga kifungo cha koti. Kwa Kiingereza chake cha harusi, alimsalimu mheshimiwa meya. Akawasalimu waheshimiwa madiwani mmoja mmoja, akisoma vibao vya majina mezani. Akamsalimu katibu, askari wa mlangoni na yule mzee wa mbwa. Akaleta salamu za Watanzania wote, akatoa pole kwa mafuriko ya kimbunga kilichopita, akasifu kiyoyozi. Taa ikawa njano. Akasema itifaki imezingatiwa. Kisha akanyoosha mkono kunielekea mimi, akasema, "Sasa, bila kupoteza muda," na taa ikawa nyekundu, kengele ikalia.

"Asante, bwana," akasema meya. "Muda wako umekwisha."

Mzee wa mbwa akapiga makofi.

Nikaitwa mimi. Karatasi ilikuwa mfukoni, lakini mkono ulikataa kutoka nayo. Nikasema nilichokumbuka: "Si magugu. Tunakula. Naomba wiki tatu, mbegu zikomae." Nikangoja jibu.

Hakuna aliyejibu. Wote waliniangalia, nami nikawaangalia. Kwetu, ukiwaomba watu wazima jambo wakakaa kimya, maana yake umewakosea na bado wanatafuta pa kuanzia. Kuondoka kabla hujajibiwa ni dharau. Kwa hiyo nikasimama palepale. Wao wakabaki wamekaa. Mtu akakohoa.

"Piga goti kidogo!" mjomba akaninong'oneza, na ukumbi mzima ukasikia.

Nikapiga goti kidogo. Diwani mmoja akaruka kutoka kitini akidhani nazimia, na askari akaja mbio na chupa ya maji. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Kengele ikalia. Meya akainamia kipaza sauti. "Binti, jambo lako halimo kwenye ajenda. Sheria haituruhusu kulijadili leo. Lakini tumekusikia. Afisa wetu atazungumza na wewe."

Afisa alikuwa akinisubiri koridoni, kijana mrefu mwenye kalamu sikioni. Ndiye aliyeiacha ile karatasi mlangoni.

"Kama ni chakula, ni bustani," akasema. "Ila bustani lazima ionekane kama bustani. Weka ukingo. Na kwa urefu ule, karibu na barabara, lazima niandike itaondolewa lini. Nitapita Ijumaa."

Kwenye gari mjomba alipumua kwa kuridhika. "Umeona? Utambulisho umefanya kazi."

Mimi na dada tukauzungushia mchicha matofali. Ijumaa afisa akaja na fomu, akazunguka mara mbili, akashika mkia mmoja wa maua, akaunusa.

"Kweli mnakula hii?"

"Majani. Haya maua ni ya mbegu."

"Mkaribishe ndani ale!" dada akapaza sauti kutoka jikoni, alikokuwa akikaanga vitunguu.

"Siruhusiwi kupokea chakula," afisa akasema, akiangalia dirisha la jikoni kwa huzuni.

Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jina la mmea. Akanipa kalamu. Niliandika kwa herufi kubwa, moja moja, naye akangoja. Akalisoma vibaya. Nikamrekebisha, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumrekebisha mtu tangu nifike Marekani. Akalirudia, safari hii sawasawa.

"Ulisema wiki tatu, sivyo?" akauliza, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi.

"Nne," nikasema.