Tulivyoanza Kwenda Mgodini kwa Miguu

Sifa njema ni zake Mola aliyeitandaza ardhi, akaificha riziki ya mja hata chini ya mchanga usioota mti. Namshukuru kwa miaka aliyonipa Doha, na kwa pumzi ya kuisimulia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa gari la jangwani kule Al Rayyan, pamoja na wageni wanne. Walikuwa wauguzi wa Kenya, wakazi wa Al Sadd, waliotaka kuuona mgodi wa kale wa jasi, lile jiwe jeupe la kutengenezea lipu. Meneja aliniambia waziwazi, "Leo tunakujaribu. Wageni wakirudi wakilalamika, utapanda ndege." Nilikuwa na watoto Mombasa, wote shuleni.

Msimamizi wetu, Msudani mcheshi aliyeokota Kiswahili chake kwa madereva, alitufuata kwa mbali kwa gari la maji. Tulipofika mchanga unapoanzia, akanipigia simu. "Mombasa! Hapo, punguza hawa!"

Nikatazama nyuma. Hawa walikuwa wanne. Nikaona ana hekima, maana gari zito huzama. Nikasimama.

"Dada zangu, samahanini, itabidi mshuke. Mgodi uko kwenye kilima kile pale."

"Dere, kwani sisi ni magunia?" akauliza mkubwa wao, Sista Akinyi.

"Ni amri ya msimamizi."

Mwenzake mnene akacheka. "Ameniangalia mimi, mwacheni. Twendeni, haki, mazoezi ni mazoezi."

Wakachukua chupa zao za maji, wakashika njia huku wanaimba. Mimi nikakanyaga mafuta. Gari halikufika popote, likazama mpaka tumboni. Msimamizi akaja mbio.

"Wageni wako wapi?"

"Nimewapunguza, ustadh."

"Umewafanya nini?"

"Si ulisema nipunguze hawa?"

Akashika kichwa. "Hawa, ya akhi, ndugu yangu! Hawa ya tairi! Upepo!"

Kumbe kwa Kiarabu chake, hawa ni upepo. Kila dereva wa jangwani hutoa sehemu ya upepo wa matairi, yakalala bapa juu ya mchanga kama unyayo wa ngamia. Mimi nilikuwa nimepunguza binadamu.

Tukawafuata kwa miguu, nami moyoni nimeshafika uwanja wa ndege. Tulipokaribia kilima tukasikia vigelegele.

"Dere, kimbia!" Akinyi alikuwa akiruka kama mtoto. "Utakosa!"

Ndugu zangu, nilichokiona! Nguzo za mbao zimesimama wima, kavu, hazijaguswa na mchwa. Reli nyembamba zinaingia gizani, na juu yake kigari kimejaa mawe, kana kwamba wachimbaji wamekwenda kuswali na watarudi sasa hivi. Jua lilipopiga ukuta wa jasi, ukuta wote ukameta. Nikasema Subhanallah, na pango likaitikia. Tena wale dada walikuwa wameigundua njia ya wachimbaji, imepangwa mawe kila upande, ambayo madereva wote walikuwa wakiipita bila kuijua.

Tulitoa upepo wa matairi, gari likachomoka, na jioni tukasimama mbele ya meneja.

"Bosi, tuna malalamiko," Akinyi akaanza. "Mbona mnapeleka watu kwa gari? Utamu wote uko kwenye ile njia!"

Meneja akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama dari.

"Basi, Mombasa," meneja akasema, "kuanzia sasa wewe ndiye wa kuwapeleka kwa miguu."

Nilifanya kazi hiyo chini ya mameneja watatu. Nilijifunza kutangulia na kijiti nikipima mchanga, kuwazuia wageni wasipite nguzo ya pili, na kugeuza msafara mara tu shamali, upepo wa vumbi, inapoanza kunukia. Kila niliporudi pale mdomoni mwa mgodi, moyo ulinidunda kama mara ya kwanza. Mpaka nastaafu sikuwahi kuuzoea. Watoto wangu wamesoma, na wajukuu sasa wananiomba niwaonyeshe picha za kigari kile, nami huwa wa kwanza kusogeza kiti.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mola akupe kazi utakayoiamkia kwa furaha, na subira siku itakapokuwa nzito, na akufikishe salama wewe na wote unaowatangulia njiani. Amina.