Kulala Katika Hoteli ya Mkwe

Hoteli ya mkwe wangu iko Kitui mjini, katika ule mtaa wa zamani nyuma ya msikiti, na kabla sijasema lolote juu yake niseme kwanza kwamba kitanda kilikuwa kizuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu mengine nitakayoandika yanaweza kumfanya mtu afikiri sikupenda. Sijui kama nilipenda. Nililala vizuri.

Nyumba yenyewe ilikuwa duka la Mhindi: kuta nene za mawe, mabati, veranda ya mbao mbele, ua nyuma. Mhindi alipoondoka ikanunuliwa na familia ya Waislamu ambao babu yao alitoka pwani, na mjane wa familia hiyo, nyanya wa miaka themanini hivi, bado anaishi kwenye vyumba viwili vya ua. Mkwe wangu amekodi sehemu ile nyingine yote. Yeye ni mtu wa Kambu, huko kwenye barabara ya Mombasa, lakini alipika Mombasa kwa miaka mingi, akaona huko wageni wanapenda nyumba za kizamani, akarudi na hiyo akili. Wakati huo watu walimcheka. Nilicheka pia, ingawa si mbele yake, kwa sababu mbele yake siwezi kuwa.

Vyumba ni vinne na havina namba. Kila kimoja kimepewa kazi: Kinyozi, Karani, Posta na Fundi Cherehani. Posta kuna visanduku vya mbao vya kuwekea barua, na binti yangu anasema wageni huweka soksi humo. Kinyozi kuna kile kiti cha kuzunguka na kioo kikubwa kama mlango. Kuna redio kubwa ya mbao ambayo haisemi kitu. Ndani yake wameficha kile kisanduku cha intaneti, na wageni wanaombwa wasiifungue. Friji iko ndani ya kabati la nguo. Nilipouliza friji imekosa nini, binti yangu alisema, "Mwaitu, haifanani na wakati." Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba, na akianza na neno hilo najua anaomba nisibishane.

Mimi nilipewa Fundi Cherehani. Nimeshona yunifomu za shule kule Mbooni kwa miaka kumi na minane, na nilipoona trei ya chai imewekwa juu ya cherehani nilihisi kama naona sufuria juu ya mgongo wa ng'ombe. Nikajaribu gurudumu. Lilikuwa limeshikana kabisa. Lakini haki ni haki, mbao yake ilikuwa imepakwa vanishi vizuri kuliko yangu.

"Pasi ya makaa tuliipata Nunguni," binti yangu aliniambia akinizungusha. "Mtu alikuwa anazuilia mlango nayo."

"Na yetu ilienda wapi?"

"Ulimuuzia yule wa vyuma vikuukuu."

"Ningejua."

"Hata mimi ningejua ningeificha."

Alikuwa na mimba ya miezi saba. Ndiyo sababu nilikuwa pale, na hakuna aliyesema hivyo. Yeye alisema nije nione hoteli, nikasema nitakuja nione hoteli. Baba yake, aliyebaki na ng'ombe, aliniambia tu, "Nenda, lakini ujue unalala kwa nani."

Hapa lazima nieleze kitu, na sina hakika kama nitakieleza sawa, kwa maana hata sisi wenyewe hatukubaliani juu yake. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wana aibu kati yao. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Na mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Wengine wanasema kuna mbuzi wa kuondoa aibu hiyo, wengine wanasema hata mbuzi haondoi yote. Kanisani kwetu kuna wanaosema hayo ni mambo ya kale na kuna wanaosema ni adabu tu, na ninawaona wale wa kwanza bado wakitazama chini wakwe zao wakipita. Mimi sijawahi kuwa hodari wa kuamua vitu kama hivi. Nimefuata nilivyoona mama yangu akifuata.

Miaka miwili kabla ya hapo binti yangu alizaa hapa Kitui, na mtoto hakuishi siku moja. Nilifika siku aliyotolewa hospitali. Wakati huo waliishi chumba kimoja cha kupanga. Nilimkanda kwa maji ya moto, nilipika uji, nilifua. Mkwe wangu alisimama nje ya dirisha na kusema, bila kuniangalia, kwamba atalala kwa rafiki yake siku zote nitakazotaka kukaa. Nikasema asante. Jioni ilipokaribia nikachukua kikapu nikaenda stendi. Chumba kilikuwa chake hata kama hayupo. Ndivyo nilivyofikiri, au ndivyo nilivyojiambia nafikiri.

Sasa binti yangu alitaka kujua kama nitakuja tena na kuondoka jioni.

Mambo yalianzia kaunta. Ile kaunta ya duka bado ipo, ya mbao nyeusi, na juu yake kuna kitabu kikubwa cha wageni na kalamu ya kuchovya ambayo haichovywi, ni ya kuangaliwa. Ya kuandikia ni biro. Nilitoa kitambulisho changu nikakiweka juu ya kitabu.

"Ya nini?" binti yangu akauliza.

"Niandike. Mgeni wa hoteli huandikwa."

Nilikuwa nimepanga hilo njia nzima. Kama ni hoteli, basi mtu yeyote hulala hotelini, na nisingekuwa nimelala kwa mkwe. Nililiona kama jambo safi. Binti yangu aliangalia kitambulisho, akaniangalia, akaenda jikoni. Jikoni ni ukuta mmoja tu kutoka kaunta, na ukuta wa ndani ni wa mbao.

"Mwambie mama haandikwi," nilisikia mkwe wangu akisema. "Niwaambie nini watu? Kwamba mama ya bibi yangu amekuja nikamfungulia kitabu kama mtu wa semina?"

Binti yangu akarudi. "Anasema huandikwi."

"Nimesikia. Mwambie nisipoandikwa silali."

"Amesikia pia," akasema. Lakini alienda, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

Alienda na kurudi mara tatu, na lile tumbo. Kwa upande wa mkwe wangu lazima niseme hakupandisha sauti hata mara moja. Na hakuwa na makosa. Kama ningekuwa mgeni wa kuandikwa, yeye angekuwa mtu aliyemfanya mama mkwe mteja. Kama ningekuwa wa nyumbani, mimi ningekuwa mwanamke aliyelala kwa mkwe. Heshima yake ilikuwa inataka pawe nyumba na yangu ilikuwa inataka pawe hoteli, na aliyekuwa anatembea kati yetu alikuwa na miguu iliyovimba. Hili la miguu sikuliona wakati huo. Nimeliona ninapoandika.

Tukaliacha hivyo bila kuamua. Nikapelekwa chumbani "kupumzika kwanza." Saa kumi hivi nikatoka kutafuta choo. Kile kijia cha katikati ni chembamba, watu wawili hawapishani bila kugusana, na kutoka upande wa jikoni nikasikia vikombe na kikohozi. Mkwe wangu alikuwa anakohoa ili nijue. Nikafungua mlango wa karibu na kuingia.

Ilikuwa Kinyozi. Mwanamke mmoja wa makamo, aliyekuja kutoka Nairobi kwa kazi ya mradi wa maji, alikuwa ameketi kwenye kile kiti na kompyuta mapajani. Aliniona kwenye kioo.

"Karibu mama. Wewe ndiye wa kunyoa?"

"Hapana."

"Mimi hapa nimeacha kushangaa. Asubuhi nimeletewa maji kwa jagi, na bomba liko hapo linafanya kazi."

"Samahani. Namkimbia mkwe wangu."

Akafunga kompyuta. "Amekufanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ni mkwe."

Akafikiri kidogo. "Ehe. Hata kwetu Bungoma iko. Mama yangu aliwahi kuruka ua wa michongoma na gauni la kanisa. Keti basi, kitanda hicho."

Nikaketi, yeye akaendelea na kazi yake. Halafu nikasikia binti yangu kwenye kijia, akiongea peke yake kwa sauti ya kusikika: "Mmoja yuko kwa Kinyozi, mwingine amejifungia stoo ya shuka. Haya, chai nitapeleka mimi. Nizae pia nikiwa nayo mkononi."

Yule mwanamke alicheka mpaka kiti kikazunguka. Mimi nilicheka kidogo. Nilijua pia kwamba haikuwa mzaha wote.

Aliyetuondoa hapo alikuwa nyanya wa uani. Alikuwa amesikia yote. Katika nyumba ile kila mtu husikia yote. Alikuja na bakora yake, buibui kichwani, akaketi verandani na kutuita mimi na binti yangu. Yeye amezaliwa Kitui na Kikamba anakijua, lakini Kiswahili chake ni cha kwao, na nikiongea naye nasikia changu kinachechemea.

"Hebu nambie, mwanangu," akaniambia, "nyumba hii ya nani?"

"Ni yenu, nyanya."

"Na mumewe huyu binti ni nani humu?"

"Ni mpangaji."

"Ni mpangaji wangu, na mpikaji mzuri, ila biriani yake atubu. Basi weye umekuja kwangu. Ni mgeni wangu mimi. Utalala chumba chochote nitakacho, na mtu asiniandikie mgeni wangu kitabuni. Mnakimbiana mnanivunjia vikombe!"

Binti yangu aliniangalia. Kutoka jikoni kukasikika mtu anaanza kukata vitunguu, haraka, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikasema nimeshukuru. Nikala nilicholetewa, ndengu na chapati, chumvi ilikuwa kidogo, chapati zilikuwa laini kuliko zangu. Nikalala chini ya dari ya mbao mpaka mwadhini wa alfajiri.

Sasa nafika mahali ambapo nimefuta na kuandika tena. Asubuhi nilikuwa na furaha kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai. Nilikuwa nimelala na hakuna kilichotokea. Halafu nikaanza kupiga hesabu ya maneno ya yule nyanya. Kama nyumba ni ya mwenye nyumba, hata kile chumba kimoja cha kupanga kilikuwa cha mwenye nyumba. Mkwe wangu alikuwa mpangaji huko pia. Na huko, kwa siku zile, hata asingekuwemo. Kama niliweza kulala hapa kwa maneno ya dakika tano, ningeweza kulala kule. Nilikuwa sijayatafuta hayo maneno.

Nikajaribu kujitetea. Labda wakati ule nilikuwa naogopa kumsikia akilia. Hilo nadhani ni kweli, lakini si zuri kuliko lile lingine.

Tulikuwa uani tukianua shuka, mimi upande mmoja na yeye upande mwingine, tukivuta na kukunja. Nikamuuliza, "Ile siku. Niliondoka saa ngapi?"

Hakuuliza siku gani. "Saa kumi na dakika kumi. Niliangalia."

Tukakunja hiyo. Tukachukua nyingine.

"Sikuwa na sababu," nikasema.

"Ulikuwa nayo." Alivuta shuka ikanyooka. "Ilikuwa ndogo, lakini ulikuwa nayo."

Alikuwa anatafuta pembe ya shuka. Sitaandika kwamba alinisamehe kwa sababu hakusema hivyo, na mimi sikuomba kwa neno lenyewe. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayefanya kazi na mgongo unamuuma.

"Jana nimelala kwa huyu nyanya," nikasema. "Hivyo ndivyo tulivyodanganyana sisi sote."

"Najua, mwaitu."

"Ukikaribia kuzaa nitakuja. Nitakaa mpaka mtoto afikishe mwezi. Ukitaka, zaidi."

"Huku kwa Fundi Cherehani? Mwezi huo tuna watu wa arusi, vyumba vyote vimeshikwa."

Nikaangalia ule upande wao, chumba chao na kile kidogo kando yake ambacho wanaweka magodoro ya akiba. Mlango ulikuwa wazi. Mkwe wangu alikuwa ndani akipanga kitu, mgongo kwetu, na najua alikuwa anasikia.

"Hapana," nikasema, kwa sauti ya kumfikia. "Huko kwenu. Hicho chumba kidogo."

Hakugeuka. Alisimama tu na godoro mikononi, halafu akaliweka chini, akaanza kutoa mengine nje moja moja na kuyaegemeza ukutani.

"Humo kuna joto," binti yangu akasema. "Hakuna dirisha."

"Atatoboa."

"Nyanya hatakubali atoboe ukuta wake."

"Basi nitalala mlango ukiwa wazi," nikasema, na tukachukua shuka ya mwisho.