Fundi Aliyepima Friji kwa Shali

"Mlango umelegea, nzi atapita na wakwe zake," fundi alisema, akiikataa friji ya nne.

"Fundi gani wewe, unapima friji kwa shali la mama wa watu?" mwenye duka alifoka.

Fundi alikuwa ameshatega nyuma ya friji ya tano masikio yale ambayo Addis Ababa nzima iliapa kuwa husikia maji yakiganda. Akabana mlangoni pindo la netela, shali alilojitanda mteja wake Zenebech, akalivuta kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Zenebech alishusha pumzi kidogo kidogo. Insulini ya bintiye ilishaharibika mara mbili kwa joto. Pindo halikutoka. Fundi, asiyecheka, akacheka.

"Sasa je," mwenye duka alianza, na binti akaingia.

"Mama, mbona friji imekukamata?"