Nyumba ya Mama Juu ya Mulongwe

Mwaka uliofuata uhuru niliuanza na mipango minane. Niliiandika kwa makaa nyuma ya mlango: kujua Kifaransa, kuendesha baiskeli, kuimba sauti ya pili kanisani, kulima vitunguu Kiringye, kufika Kamanyola kwa miguu, kushona suruali yangu mwenyewe, kupaka nyumba chokaa na, chini kabisa, kumjengea mama nyumba nyingine mbali na mto. Sasa uasi umetufungia shule na soko, watu hushangaa nikiwahadithia furaha ya mwaka ule. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minane na darasa la tano, nchi ilikuwa yetu, nani angenizuia?

Mwezi wa nne mto wetu, Mulongwe, ulifurika, ukabeba jiko la mama. Maji yaliposhuka nilimwona akipima kwa miguu kutoka ukingoni hadi mlangoni. Hatua kumi na moja.

"Mvua zikirudi, mto utakuja kulala kitandani mwangu," alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Kiangazi kilipoingia nikaanza kufyatua matofali kilimani, mbali na mto. Asubuhi nakanyaga udongo, jua likipanda nakimbilia baiskeli ya rafiki yangu, mchana kwaya, jioni Kifaransa.

"Muangalie ministri anapita!" rafiki yangu alipiga kelele siku moja, nikiyumba juu ya baiskeli yake. "Weye, leo uko wizara gani?"

"Minye niko zote!" nikajibu, nikaingia mtaroni na baiskeli yake.

Siku hiyo nilisahau kufunika matofali. Tofali bichi hulazwa chini ya nyasi likauke polepole. Yangu niliyaacha wazi, jua likayapasua yote. Kazi ya wiki mbili! Nilipopanda jioni nilimkuta mama, na goti lake bovu la miaka mingi, amekunja kikwembe kiunoni, yuko ndani ya shimo la udongo anakanyaga vile vipande virudi kuwa udongo.

"Mama, toka huko! Goti lako!"

"Acha, baba. Weye uko na kazi mingi. Minye niko na hii moja tu."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo nilipochomwa moyoni. Nilirudi nyumbani, nikalowesha kiganja, nikafuta mistari saba ya mlangoni. Nilidhani nitasikitika. Wapi! Moyo uliruka kama wa mtu aliyetua mzigo, nikatamani kuche upesi.

Rafiki yangu alikuja asubuhi shimoni kuniuliza safari ya Kamanyola.

"Hakuna safari."

"Ministri amefukuzwa?"

"Amebakiwa na wizara moja. Vua viatu, ingia."

Alivua. Kesho yake wakaja vijana wa kwaya, wakaimba huku wakikanyaga, udongo ukiwarukia mpaka masikioni. Matofali niliyafunika nyasi mwenyewe, hata usingizini nikaota nayafunika. Kuta zilipanda hadi magotini, hadi kifuani, kisha sikuweza tena kuona upande wa pili, nikapiga yowe peke yangu kama mwendawazimu. Paa la nyasi tulilimaliza mawingu ya mvua yakiwa tayari yamekaa juu ya ziwa lililo chini yetu.

Kwetu nyumba haihamiwi kwa vitanda. Inahamiwa kwa moto, na moto huo hubebwa na mwenye nyumba. Mama aliokota makaa kutoka mafiga ya nyumba ya zamani, akayaweka kwenye kigae, akaanza kupanda. Katikati ya njia mvua ikaanguka, matone makubwa ya kwanza. Nilikuwa nimebeba beseni tupu, na kwapani kifurushi cha ndagala, dagaa wa ziwani. Nikataka kumfunika kichwa.

"Moto! Funika moto, si minye!"

Basi tukapanda hivyo, nimeshika beseni juu ya kigae, yeye amelowa chepechepe, tunacheka wote wawili tusiweze kupumua. Akaingia wa kwanza. Nilisimama nje mvuani mpaka nikaona moshi unapenya kwenye nyasi za paa.

"Unangoja nini huko?" alipaza sauti kutoka ndani. "Leta ndagala, sufuria inachemka!"